Mazungumzo ya Barazani: Mwana wa Mkata Boriti

Mwezi huu tulikusudia kusema juu ya akiba ya chakula. Maneno hayo twayaweka kando hata mwezi ujao, maana limetokea jambo karibu na nyumba yetu lililotufanya tufikiri sana, nasi twaona si vema tukae nalo peke yetu. Jambo lenyewe ni hili: kijana apewapo kazi mpya, kisha akaona ya kuwa kazi ile yagusa kazi ya baba yake au ya mama yake, aipokee kwa moyo gani? Na wazazi wake nao imewapasa kufanya nini?

Wazee husema, "Mwana wa mhunzi, asiposana, huvukuta." Maana yake yajulikana kwa kila mtu. Mtoto aliyelelewa kando ya moto wa baba yake hawezi kukosa kujua kitu cha moto ule. Kama hakushika nyundo, basi ameshika mivukuto. Lakini methali hii haikutuambia la kufanya siku ile mwana wa mhunzi atakapotumwa kuulinda moto ili baba yake asiuwashe tena. Hilo ndilo lililompata kijana wetu.

Jioni moja mwaka jana tulikuwa tumeketi barazani, akaja kijana huyo, mwana wa mzee mmoja tunayemheshimu sana. Tulimfundisha kusoma alipokuwa mdogo. Akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Umerudi lini?" Akasema, "Leo mchana. Nimepata kazi." Tulipotaka kumshangilia tukaona uso wake hauna furaha. Akatoa barua mfukoni, akatupa tuisome. Alikuwa amemaliza masomo yake katika Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, kule Arusha, na sasa ameandikwa kazi ya ubwana miti. Mahali alipopangiwa ni huku huku kwetu, katika mikoko ya Delta ya Rufiji.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, baba yangu alikula kwa shoka miaka yote ya ujana wake. Aliniweka shule kwa fedha ya boriti. Leo mimi naajiriwa kumkamata akatae boriti. Nitawaambia nini watu wa kule?"

Kwa faida ya wasomaji wasioijua nchi hii, yafaa tueleze kidogo. Mto Rufiji ukaribiapo bahari, kuelekea kisiwa cha Mafia, hugawanyika ukawa vijito vingi, na katikati ya vijito hivyo kuna visiwa vya matope vilivyofunikwa na mikoko. Hakuna mahali pengine katika Afrika ya Mashariki penye msitu wa mikoko ulioungana pamoja mkubwa kama huu. Ni kama nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Watu wa kule hawasemi "mikoko" tu kama sisi wa nchi kavu. Wao huujua mkoko wenyewe, na mkandaa, na muia, na mchu, na mlilana, na mkomafi, kila mti kwa jina lake na kwa kazi yake: huu wa boriti, huu wa fito, huu wa kuni, huu wa kuchonga mtumbwi.

Biashara ya boriti ni ya kale sana. Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba ya Uajemi yalikuja na pepo za kaskazi, yakaingia katika vijito hivi, yakapakia miti, yakarudi na kusi. Kule kwao nchi haina miti mirefu, na dari za nyumba zao zilishikwa na boriti zilizotoka kwetu. Hata upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mwaustralia mmoja, jina lake Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la watu wa Kuwait miaka ya 1938 na 1939, akafika nalo hata Rufiji, akawaona mabaharia wakipakia boriti, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Maganda ya mikoko nayo yaliuzwa ng'ambo kwa ajili ya kulainisha ngozi. Basi asiseme mtu ya kuwa ukataji wa boriti ulikuwa kazi ya wezi. Ulikuwa kazi ya watu wazima wenye heshima, nayo ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mkataji huzama matopeni hata magotini, mbu na usubi wakimla, akakata maji yakipwa, akangoja bamvua apate kuielea miti mpaka penye chombo. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mwenye kukosea hesabu alikosa chakula.

Serikali za Wajerumani na za Waingereza ziliihesabu misitu hii kuwa mali ya serikali, wakataji wakikata kwa kibali. Baadaye miti ilizidi kupungua, na mwaka 1987 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini. Mwaka 1991 pakafanywa mpango wa kuitunza, na tangu hapo ruhusa imekuwa ikitolewa kwa kipimo tu, mahali hapa na si mahali pale. Siku hizi kazi hiyo iko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo itawalayo. Waliopima msitu wa Delta wasema ya kuwa karibu na mwaka 1990 ulikuwa hekta zaidi ya 50,000, na kufika mwaka 2015 ulikuwa umepungua ukawa karibu na hekta 45,000. Si shoka la boriti peke yake lililofanya hivyo. Mashamba ya mpunga nayo yamekula sehemu kubwa, maana watu hufyeka mikoko wakapanda mpunga, na baada ya miaka michache magugu huzidi, wakahama wakafyeka pengine. Nao wafanya hivyo kwa njaa, si kwa uharibifu. Twataja haya ili msomaji ajue ya kuwa kijana wetu hakupewa kazi ya kukaa kivulini na kuandika.

Na sasa imetupasa kukiri kosa letu. Usiku ule tulimpa kijana shauri baya. Tulimwambia, "Mwanangu, andika barua uombe upelekwe mahali pengine. Nenda Tabora, nenda Iringa, ukalinde miti ya watu usiowajua." Tulifikiri hiyo ndiyo hekima. Mama yake naye alitaka hivyo hivyo, kwa sababu nyingine. Alikumbuka mwaka 2017, polisi na viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa katika wilaya hii yetu ya Kibiti, na hofu ile haijatoka katika mioyo ya akina mama. Akasema, "Nitalalaje, mwanangu akiwa amevaa nguo za serikali katika vijito vile?" Tukaona shauri letu limepata nguvu.

Baba yake alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwetu asubuhi, akaketi, akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Mwalimu, nasikia umemwambia mwanangu akimbie. Mimi nilikata kwa kibali cha serikali. Yeye atalinda kwa mshahara wa serikali. Mti ni ule ule. Akienda Tabora atakuwa bwana miti kama mabwana miti wengine. Akikaa hapa, ana kitu ambacho chuo hakikumpa. Nipe mimi mwezi mmoja naye, kisha aamue mwenyewe." Tukaona haya, maana tulikuwa tumemshauri mtoto juu ya baba yake bila kumwuliza baba.

Basi wakaondoka wawili hao, wakashuka Nyamisati, mahali waondokapo waendao Mafia, wakaingia katika mtumbwi. Sisi tulifuatana nao siku tatu za kwanza. Tulishangaa kuona jinsi elimu mbili zilivyokutana. Kijana aliyajua majina ya miti kwa Kilatini, na jinsi ya kuipima, na hesabu ya mbegu kwa hekta. Mzee alijua kijito gani chapitika kwa maji ya bamvua tu, na kwamba mwizi wa boriti hachagui usiku wa giza bali huchagua usiku wa maji makubwa. Alimwonyesha visiki vya miaka thelathini iliyopita, akasema, "Hiki nilikikata mimi." Kisha akamwonyesha miti mikubwa iliyosimama peke yake, akasema, "Na hii tuliiacha kwa makusudi, ili iangushe mbegu. Wazee wetu walitukataza kuigusa. Waliokuja nyuma yetu na misumeno hawakuambiwa na mtu." Kijana akaandika katika daftari yake. Hapo ndipo tulipofahamu ya kuwa baba hakuwa adui wa kazi ya mwanawe. Sehemu moja ya kazi ile alikuwa akiifanya kabla mwana hajazaliwa.

Wasomaji wapendwa, jambo hili si geni duniani, na si la watu wadogo tu. Natuangalie mifano miwili mitatu ya watu wanaojulikana.

Mfano wa kwanza ni wa jirani zetu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Kivure, upande wa Mkuranga, wilaya ipakanayo na yetu. Alipelekwa Unguja kusoma angali mtoto, akawa mwalimu wa shule, kisha akaingia katika kazi za serikali. Alikuwa Waziri wa Afya tangu mwaka 1972 hata mwaka 1975; mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na tangu mwaka 1985 hata mwaka 1995 akawa Rais wa Tanzania. Mwanawe, Hussein, hakuanza kwa siasa. Alisomea uganga wa hospitali huko Uturuki, akawa daktari. Lakini mwaka 2000 alichaguliwa mbunge wa Mkuranga, nchi aliyozaliwa baba yake. Mwaka 2012 akawekwa kuwa Waziri wa Afya, wizara ile ile aliyoishika baba yake miaka arobaini iliyotangulia. Na mwezi wa Novemba mwaka 2020 akaapishwa kuwa Rais wa Zanzibar, cheo kile kile cha baba yake. Mzee aliishi akayaona hayo yote, akafariki mwezi wa Februari mwaka 2024.

Sisi hatusemi hapa juu ya vyama wala uchaguzi. Hayo yana wenyewe. Twataka kuangalia neno moja tu katika maisha ya Mzee Mwinyi. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokuwa wamekamatwa huko Shinyanga walikufa mikononi mwa askari. Yeye hakuwako, wala mkono wake haukumgusa mtu. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Huo ndio urithi ambao mzazi aweza kumwachia mtoto katika kazi. Kiti hakirithiwi katika kazi ya serikali, na kikirithiwa ni hasara kwa watu. Bali jinsi ya kukikalia, na jinsi ya kuondoka katika kiti, hayo mtoto huyaona nyumbani.

Mfano wa pili ni wa Kenya, na huu una mafundisho ya namna nyingine. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari. Yeye hakuifuata kazi yao, akawa mchimbuzi wa mifupa ya kale. Mkewe Mary alikuwa na kazi hiyo hiyo, naye ndiye aliyeliona fuvu mashuhuri la Olduvai, katika nchi yetu, tarehe 17 Julai mwaka 1959, siku ambayo mumewe alikuwa kambini mgonjwa. Mwana wao Richard, aliyezaliwa mwaka 1944, aliapa hatafanya kazi ya wazazi wake. Alichoka kuitwa mtoto wa fulani. Akaacha shule mapema, akawa akinasa wanyama na kuwaongoza wageni porini. Lakini alikuwa ametambaa juu ya mifupa ile tangu utoto, na jicho lake lilikuwa limekwisha kufundishwa bila yeye kutaka. Mwaka 1968 alianza kuchimba Koobi Fora, kando ya ziwa ambalo sasa laitwa Turkana, na mwaka 1984 watu wa kundi lake wakapata mifupa ya mtoto wa kale karibu mizima yote. Aliyeiona kwanza ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Mkewe Richard, Meave, na binti yao Louise, nao wameishika kazi hiyo.

Tazameni basi. Louis aliacha kazi ya wazazi wake, na Richard aliikimbia ya wake, ikamngoja njiani. Hakuna kanuni moja kwa watu wote. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akatembea akiuza vyungu. Lakini sauti yake ndiyo iliyomtoa, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kuimba katika sahani za santuri. Je, alimdharau mama yake kwa kuacha vyungu? Hata kidogo. Husimuliwa ya kuwa watu waliijua sauti yake kwanza kwa jinsi alivyokuwa akinadi vyungu vile njiani. Kazi ya mama ilimbeba mpaka mlango wa kazi yake.

Nasi wenyewe tuna la kusema. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na sisi tulipopewa darasa letu la kwanza tulisimama mbele ya watoto tukiwa tumeikunja mikono nyuma kama yeye, tukakohoa kama yeye, tukasema kwa sauti nzito kama yake. Mtoto mmoja wa kike akacheka, na darasa zima likacheka. Mama mmoja aliyekuwa akipita alituambia baadaye, "Marehemu alikuwa akikohoa kwa sababu ya kifua chake, Mwalimu. Wewe wakohoa kwa sababu gani?" Tangu siku hiyo tuliacha kukohoa. Ikatuchukua muda mrefu kufahamu kitu gani cha baba yetu kilichokuwa cha kufuatwa, nacho kilikuwa kidogo tu, wala hakikuonekana kwa macho: yeye hakutoka darasani hata mtoto wa mwisho afahamu.

Turudi kwa kijana wetu. Mwezi ulipokwisha aliamua kukaa. Akaanza kazi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa njema. Wazee walimwita "mwenetu", wakampa samaki. Wengine walidhani sasa mlango umefunguliwa, maana bwana miti ni damu yao. Katika wiki ya tatu akakuta mashua yenye boriti korija mbili, haina kibali. Mwenye mashua alikuwa baba yake mdogo.

Mzee huyo hakuwa mchuuzi. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, yalichukua dungu lake na sehemu ya nyumba yake, naye alikuwa amekaa chini ya maturubai muda mrefu. Nusu ya boriti alitaka ajengee, na nusu nyingine auze apate bati. Akamwambia kijana, "Mwanangu, nimekubeba mgongoni mwangu. Nipishe." Kijana atuambia ya kuwa saa ile alitamani ardhi immeze.

Hakumpisha. Aliiandika hesabu yote kama sheria isemavyo, akazizuia boriti, na baba mdogo akatozwa faini. Lakini kabla ya kufanya hivyo alimshika mkono, akamshusha katika mashua kwa heshima, akamketisha, akamwamkia mbele ya watu wote. Wala hakumsema kwa ukali, wala hakuwaacha askari wamsukume. Na jioni ile ile aliandika barua kwa wakubwa wake, akaeleza ya kuwa watu waliobomolewa nyumba na maji hawajui waombe kibali kwa nani wala kwa gharama gani, akaomba apewe ruhusa ya kwenda kijiji kwa kijiji kuwaeleza.

Baba mdogo hakumsalimu miezi mitatu. Baba mzazi alikaa katikati ya ndugu yake na mwanawe, naye alikonda. Mtu mmoja alimwuliza, "Mbona hukumwombea nduguyo kwa mwanao?" Akajibu, "Ningemwombea, leo mwanangu angekuwa amekwisha. Kesho wangekuja wote na baba zao wadogo." Kisha akauza mbuzi wake wawili, akampelekea nduguye fedha ya bati, bila kumwambia kijana. Sisi tulipata habari kwa mke wake.

Mpaka leo mambo hayajatengenea yote. Juzi juzi baba mdogo alipita karibu na kitalu cha miche ambacho kijana amekipanda pamoja na wanawake wa kijiji, akasimama, akasema bila kumtazama, "Miche hii mmeiweka juu mno. Maji hayafiki. Itakauka." Kisha akaenda zake. Kijana akaihamisha miche siku ile ile. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza tangu siku ya mashua. Twaomba Mungu yawe mwanzo.

Kwa hayo tuliyoyaona, twathubutu kuwaambia vijana maneno matatu.

La kwanza: usiogope kazi kwa sababu yafanana na ya mzazi wako, wala usiipende kwa sababu hiyo tu. Jiulize kama waiweza, na kama watu watafaidiwa nawe. Jina la baba litakufungulia mlango siku ya kwanza. Siku ya pili watu watatazama mikono yako.

La pili: chukua kwa mzazi maarifa, usichukue upendeleo. Mkata boriti alimpa mwanawe habari za maji na za miti. Hakumpa orodha ya rafiki wa kuachiliwa. Ukimpendelea jamaa mmoja umewaibia wengine wote, na baada ya hapo hutaweza tena kumkataza mtu yeyote.

La tatu: cheo chako kisikuondolee adabu. Huyo unayemwandikia faini aweza kuwa ndiye aliyekubeba mgongoni. Sheria yakuamuru uandike hesabu, haikuamuru umdhalilishe. Maneno mawili hayo, haki na heshima, hukaa pamoja katika kinywa kimoja, ingawa ni vigumu.

Na ninyi wazazi, twawaambia mawili. Msimlazimishe mtoto aishike kazi yenu ili jina lenu lisipotee. Siti angelazimishwa kubaki na vyungu, nani angemsikia? Wala msimfiche kazi yenu kwa kuiona ni ya chini. Wako wazazi wengi huku kwetu, wavuvi, wakulima wa mpunga, wakunga wa vijiji, wanaowaambia watoto wao, "Soma, usije ukawa kama mimi." Twafahamu uchungu uliomo katika neno hilo, maana wamechoka, nao wawatakia watoto maisha mepesi. Lakini mtoto asikiapo hivyo kila siku, hujifunza kuona haya kwa mikono iliyomlisha. Afadhali mseme, "Soma, kisha uje unisaidie kufahamu kwa nini mambo haya huwa hivi." Mkunga wa kijiji ajua mengi ambayo binti yake muuguzi atayahitaji usiku taa ikizimika, na binti naye ajua mengi ambayo mama yake angaliyajua zamani, wasingalikufa watu fulani.

Tulipokuwa katika mtumbwi na wale wawili, mzee alituonyesha jambo ambalo tumeishi karibu nalo miaka yote bila kuliangalia. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu kavu kama mbegu nyingine. Huota ikiwa bado juu ya mti mamaye, ikawa mche mrefu wa kijani unaoning'inia, kisha ndipo hujitupa. Wengine huchoma matopeni papo hapo chini ya mama, wakashika mizizi. Wengine huanguka maji yamejaa, wakachukuliwa mbali, wakaota pwani ya kijiji kingine. Mzee akasema, "Yote miwili ni mikoko." Kijana akasema ya kuwa chuoni waliwafundisha neno la Kizungu la jambo hilo, refu sana. Baba yake akacheka, akamwomba alitamke tena.

Basi, wasomaji wapendwa, mwenye mtoto aliyeanza kazi mwezi huu na amwulize usiku wa leo, si habari za mshahara, bali, "Umeona nini leo kilichokukumbusha nyumbani?" Atapata jibu la kukaa nalo. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutatimiza ahadi yetu juu ya akiba ya chakula. Mkae salama.

Sisi mwandishi wenu, Kibiti.